Nilimwambia "utapata mwingine", sasa akiniona anaingia ndani

*Shangazi, wiki tatu zilizopita jirani yangu hapa Kibirizi, Kigoma, alijifungua mtoto akiwa amefariki. Nilimwambia, "Usilie, bado kijana, utapata mwingine." Tangu siku hiyo ananikwepa. Nifanyeje?*

Mwanangu, nia yako naiona. Lakini yeye alikuwa akimlilia huyu aliyembeba miezi tisa, nawe ukamtajia mwingine.

Nenda jioni, peke yako, kipindi cha giza, siku zisizo na mbalamwezi, mumewe akiwa ziwani kuvua. Mwambie: "Neno lile lilikuumiza. Nisamehe. Pole sana kwa mtoto wako." Basi, nyamaza. Usiongeze "nilitaka kukufariji tu", maana hapo atalazimika yeye kukutuliza wewe. Akilia, usimwambie ajikaze. Akimtaja mtoto kwa jina, nawe mtaje kwa jina hilohilo. "Kazi ya Mungu haina makosa" ni neno la imani. Mwachie alitamke mwenyewe. Na habari za fulani aliyefiwa na watatu ziache nyumbani kwako.

Asipotoka, mwachie aliyefungua mlango chakula, urudi baada ya siku tatu.

Usimuulize "nikusaidie nini?" Hana nguvu za kukutafutia kazi. Sema, "Kesho nafua, nipe na nguo zenu." Peleka ugali wa muhogo na samaki migebuka wa mawese, vimeshaiva. Wiki ya tatu ni ngumu kwa sababu waliokuja msibani wamekwisha kuondoka. Nguo za mtoto usizifiche wala kuzigawa; atazitoa siku yake.

Kuna jambo watu hulisahau: maziwa huja hata mtoto asipokuwepo, na humtonesha mama kidonda. Yakiwa bado yanajaa, kitambaa cha maji baridi na sidiria inayoshika vizuri humpunguzia maumivu. Kuyakamua kila mara huyaongeza. Titi likiwa jekundu na la moto huku ana homa, au akitoka damu nyingi au uchafu wenye harufu mbaya, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Huzuni si ugonjwa. Ila akipitisha wiki mbili halali usingizi, hali chakula wala hataki kuoga, mshawishi mwende wote kituo cha afya. Akisema anatamani kumfuata mtoto, usimwache peke yake hata dakika moja, mfikisheni hospitali ya Maweni.

Mumewe naye amefiwa, na kila anayekutana naye humuuliza hali ya mama tu. Mbalamwezi ikirudi na mitumbwi ikapumzika, mpe pole na yeye.