Maswali Yenu: Tembo wa Mahekaluni

Tangu niandike kuhusu sikukuu za Wahindi wa pwani, maswali mengi yanayonifikia ni ya tembo. Nimechagua haya.

*Shikamoo mwalimu. Kwenye duka ninakonunua kanga pana picha ya mtu mwenye kichwa cha tembo na tumbo kubwa, kavishwa maua na kufukiziwa udi. Ni nani, na mbona pembe yake moja imekatika? – Msomaji, Mombasa*

Marahaba. Huyo ni Ganesha, mungu wa Wahindu, mtoto wa mungu Shiva na mkewe Parvati. Mhindu humwomba kabla ya kuanza jambo lolote, iwe harusi, safari au daftari jipya la hesabu, kwa sababu ndiye muondoa vikwazo. Ndiyo maana yuko dukani.

Kichwa kina kisa chake. Parvati alitaka kuoga, akafinyanga mtoto kwa manjano aliyojisugua mwilini, akamweka mlangoni awe bawabu. Shiva akarudi nyumbani, kijana asiyemjua akamzuia. Kwa hasira Shiva akamkata kichwa. Parvati alipotishia kuangamiza ulimwengu, Shiva akatuma watu walete kichwa cha kiumbe wa kwanza watakayemkuta kaelekea kaskazini. Wakakutana na tembo.

Kuhusu pembe, visa ni vingi. Kimoja chasema mtawa Vyasa alikuwa akimsomea utenzi wa Mahabharata auandike, kwa sharti kwamba kazi isisimame. Kalamu ikavunjika, Ganesha akang'oa pembe yake akaendelea nayo. Kingine, ambacho mimi nakipenda zaidi, ni kwamba alitoka karamuni kashiba mno, akaanguka kutoka kwenye kipando chake, mwezi ukamcheka, naye akaurushia pembe. Kipando hicho ni panya. Ukirudi dukani mtafute karibu na miguu yake, mara nyingi huchorwa pembeni mwa sahani ya ladu.

Mjini Mumbai sikukuu yake huchukua siku 10. Zamani ilikuwa zaidi ibada ya nyumbani, mpaka mwaka 1893 mwanasiasa Bal Gangadhar Tilak alipoitoa mitaani ili iwe nafasi ya watu kukusanyika mbele ya macho ya Waingereza. Siku ya mwisho sanamu huzamishwa baharini, nyingine ndefu kupita nyumba.

*Nimeona video ya tembo amevishwa mavazi yenye taa, akitembea juu ya kitambaa cheupe. Ni wapi? – Msomaji, Tanga*

Ni Kandy, Sri Lanka, kwenye maandamano ya Esala Perahera yanayofanyika Julai au Agosti. Hekalu la huko linahifadhi jino ambalo Wabudha wanaamini ni la Budha mwenyewe. Jino halitoki nje. Tembo hubeba kasha la dhahabu linaloliwakilisha, na kitambaa hutandikwa mbele yake ili asikanyage ardhi tupu. Tembo huyo lazima awe dume mwenye pembe, na Sri Lanka madume wengi hawana pembe kubwa, kwa hiyo kumpata ni shughuli. Mashuhuri kuliko wote aliitwa Raja. Alibeba kasha hilo kwa miaka mingi, akafa mwaka 1988. Hakuzikwa, mwili wake ulikaushwa na umewekwa kwenye makumbusho yaliyo palepale hekaluni, watu wanapita kumtazama.

*Tembo mweupe yupo kweli, au ni hadithi tu? – Msomaji, Morogoro*

Yupo, ila si mweupe kama maziwa. Ngozi yake hupauka na kuwa na rangi ya waridi au kahawia iliyofifia, na wataalamu wa kasri la Thailand humkagua macho, kucha na nywele za mkia kabla ya kumkubali. Heshima yake inatokana na ndoto ya Malkia Maya, mama wa Budha, aliyeota tembo mweupe akimwingia ubavuni ndipo akashika mimba. Mfalme aliyekuwa na tembo mweupe alihesabiwa kuwa amebarikiwa, na wafalme walioneana wivu hadi vitani: mwaka 1563 Bayinnaung wa Burma alimtaka mfalme wa Ayutthaya, ufalme wa zamani wa Thailand, amgawie tembo weupe, akakataliwa, akaja na jeshi. Bendera ya Siam, jina la zamani la Thailand, nayo ilikuwa na tembo mweupe kwenye uwanja mwekundu mpaka mwaka 1917.

*Kama wanamheshimu hivyo, mbona amefungwa minyororo? – Msomaji, Bujumbura*

Swali zuri, na wenyewe wanaulizana. Jimbo la Kerala, kusini mwa India, sikukuu ya hekalu bila tembo huonekana imepwaya. Kwenye Pooram, sikukuu ya wilaya ya Thrissur, husimama tembo 30 hivi, wamevishwa mapambo ya dhahabu usoni, ngoma zikipigwa karibu na masikio yao kwa saa kadhaa kwenye jua kali. Dume akiwa katika kipindi cha kutokwa na majimaji pembeni mwa macho huwa mkali kupita kiasi, na wachungaji wao wamewahi kuuawa. Kwa maoni yangu hiyo si heshima hata ukimvika dhahabu tupu. Mwaka 2023 hekalu moja dogo la wilaya hiyo lilipokea tembo wa mashine: mifupa ya chuma, ngozi ya mpira, masikio na mkia vinachezeshwa kwa mota, mkonga unarusha maji. Padri wa hekalu anampanda na ibada inaendelea. Mahekalu mengine yamefuata.

*Babu alikuwa akisema pembe zilizopita Bagamoyo ziliishia mikononi mwa maharusi. Kweli? – Msomaji, Zanzibar*

Babu alisema kweli. Katika karne ya 19 sehemu kubwa ya pembe zilizoshushwa Unguja ilipanda majahazi kwenda Bombay (Mumbai ya leo) na Kachchh, magharibi mwa India, na huko zikachongwa bangili za maharusi. Pembe za Afrika zilipendwa kwa kuwa ni nene, mchongaji anapata bangili nyingi na pana, na ni laini kwa msumeno. Mume akifa bangili zilivunjwa, kwa hiyo soko halikujaa. Yaani hukohuko alikoabudiwa Ganesha, bibi harusi alivaa pembe ya tembo wa Unyamwezi, na sikuona popote kwamba mambo hayo mawili yaliwagonganisha watu vichwa.

*Asalaam aleikum. Na tembo wa Suratul Fiil? – Msomaji, Muscat*

Waaleikum salaam. Huyo wa sura hiyo ya Qurani alikuwa tembo wa vita, wa jeshi la Abraha aliyetoka Yemen kuibomoa Kaaba, mwaka ambao kwa mapokeo ndio aliozaliwa Mtume. Wasimulizi wa sira wanamtaja kwa jina la Mahmud: wakimwelekeza Makka anapiga magoti, wakimgeuza Yemen anainuka na kutoka mbio. Ndege waliolirushia jeshi hilo vijiwe walikuja baadaye, tembo alikuwa amekwisha kugoma.