Nilisafishwa kizazi, mbona siku zangu zimekata?

Swali: Mimba ya wiki 10 ilitoka nikasafishwa. Zamani pedi 4 kwa siku, saa hizi matone mawili ya kahawia basi. Homoni ziko sawa. Wananiambia stresi.

Jibu: Usikubali hiyo ya stresi dada. Utando wa ndani ya kizazi unaota upya kila mwezi kutoka tabaka la chini, sasa kile chuma cha kukwangulia kikizama sana kinachuna mpaka hilo la chini, kuta mbili zinabaki mbichi, zinagusana, zinashikana kama kidonda kinavyofunga, na paliposhikana hapaoti kitu tena. Ndo maana homoni ziko sawa, ovari hazina kosa. Inaitwa Asherman, kwa jina la daktari Joseph Asherman aliyeieleza mwaka 1948.

Swali: Mi damu haitoki kabisa ila kila mwezi tumbo linanikata siku tatu.

Jibu: Pima mimba kwanza. Kama hamna, huenda damu ipo ndani na njia imeziba pale mlango wa kizazi. Nenda wiki hii.

Swali: Utrasaundi imesema kizazi kisafi. Je nitazaa?

Jibu: Hili nimelisoma mara tatu, pole sana mama. Utrasaundi ya kawaida inayapita makovu mengi. Eksirei ya kizazi, ile ya kuingiziwa dawa chini, inasaidia, ila kinachoona kweli ni kamera ndogo inayopitishwa ukeni mpaka ndani, daktari anaona kovu kwa macho na analikata hapohapo. Wakitaka kukukwangua tena bila kamera ili "wakuzibue", kataa, unaongezewa makovu. Na sema kama uliwahi kuugua TB, nayo inaleta haya haya. Makovu mepesi yakitolewa wengi wanabeba mimba, mazito yana tabia ya kurudi kwa hiyo utarudiwa kuangaliwa. Ukishashika mimba mwambie mkunga mapema, kondo la nyuma linaweza kung'ang'ania, usijifungulie mbali na hospitali yenye damu ya kuongezewa na chumba cha upasuaji.

Swali: Mimba imeharibika tena, naogopa kusafishwa.

Jibu: Ulizia vidonge vya misoprosto, vinavyofanya kizazi kisukume mabaki nje, au pampu ya kuyavuta, hata Shirika la Afya Duniani linasema kukwangua kwa chuma kuachwe, itumike pampu. Lakini ukilowesha pedi mbili kwa saa, saa mbili mfululizo, au ukipata homa, usibaki nyumbani kwa woga, wahi hospitali usiku huohuo.