Kwa mnaoanza kazi kliniki ya VVU hapa Lamu

Mkiletwa kliniki yetu mtapewa kwanza kazi ya kuwakumbusha watu kumeza dawa. Hiyo haitawashinda. Kitakachowashinda ni maswali, kwa sababu wagonjwa wetu huuliza hasa, na jibu la "daktari amesema" hawalitaki. Kwa hivyo nawasihi, isomeni biolojia ya virusi hivi hadi muielewe, hata kama mtihani mlishaupita.

Swali litakalowajia mapema ni hili. Mvuvi amemeza dawa vizuri, kipimo cha wingi wa virusi kimerudi, na karatasi inasema virusi havionekani. Anaikunja, anaitia mfuko wa shati, kisha anauliza: "Sasa kama mashine haivioni, niendelee kumeza ya nini?" Ni swali la mtu mwenye akili. Mkimtisha atanyamaza, na tarehe yake ijayo hamtamwona.

Jibu limo ndani ya seli. VVU haviwezi kuzaana peke yao. Hushika chembe za CD4, zile zinazoongoza kinga ya mwili, vikaingia na kugeuza RNA yao, ndiyo maagizo yao ya kuzaana, kuwa DNA. Kisha kimeng'enya kiitwacho integrezi huipachika DNA hiyo katika DNA ya seli yenyewe. Seli nyingi zilizoingiliwa hufa. Chache hulala, miaka na miaka, zimebeba maagizo yote ya kuunda virusi na hazitoi hata kimoja. Dawa zetu hukizuia kirusi kinapofanya kazi. Seli iliyolala haina kazi ya kuzuiwa. Ndiyo sababu mtu akiacha dawa, virusi kwa kawaida hurudi kwenye damu baada ya wiki chache tu. Mimi humwambia mgonjwa kwamba zimo kama mbegu ardhini, zinangoja mvua, na wengi huelewa papo hapo.

Mwambieni na habari njema pia: maadamu anameza dawa na virusi havionekani, hamwambukizi mkewe kwa tendo la ndoa. Wapo wahudumu wanaoona haya kulitamka hili. Kumficha mtu jambo hilo ni kumdhulumu yeye na mkewe.

Mtaulizwa pia kwa nini dawa ni tatu. Kirusi kinapojinakili hukosea mara kwa mara, na katika mwili usio na dawa huzaliwa virusi vipya mabilioni kila siku. Kati ya makosa yote hayo hakikosekani kirusi kinachoponyoka dawa moja. Ndivyo ilivyokuwa kwa AZT, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987: ilipotolewa peke yake ilisaidia kwa muda, kisha usugu ukaja. Mchanganyiko wa dawa tatu ulipoanza kutumika mwaka 1996, vifo vilishuka sana kule ulikopatikana. Leo zote tatu zimo katika kidonge kimoja cha TLD, mara moja kwa siku. Tenofoviri na lamivudini huzuia RNA isigeuzwe DNA, na dolutegraviri huifunga integrezi.

Hapo kwenye dolutegraviri tulieni kidogo. Integrezi hufanya kazi kwa msaada wa chembe za magnesi, na dolutegraviri huizuia kwa kuzikamata chembe hizo hizo. Sasa mgonjwa akinywa dawa ya kiungulia yenye magnesi au alumini, dolutegraviri huzikamata tumboni na haifiki kwenye damu inavyopaswa. Ndipo ikatoka kanuni ya kumeza TLD saa mbili kabla ya dawa ya kiungulia au saa sita baada yake. Vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito vina madini ya chuma, navyo huleta shida ile ile, ila vikimezwa pamoja na TLD kwenye mlo havina neno. Mgonjwa hatawatajia dawa ya kiungulia, kwa kuwa kwake si dawa, ni kitu cha dukani. Muulizeni kwa jina. Anayetibiwa kifua kikuu kwa rifampisini naye huhitaji dolutegraviri ya ziada saa kumi na mbili baada ya kumeza TLD, maana rifampisini hulifanya ini liiondoe mwilini upesi.

Ramadhani isiwatie wasiwasi. Kidonge ni kimoja: kimezwe kwa futari au kwa daku, mgonjwa achague na ashike wakati huo. Wavuvi wanaokwenda Kiwayu na Kiunga waulizeni mapema wanaondoka lini, wapewe dawa za kutosha, nao wazifunge zisipate maji ya chumvi.

Na mji wetu vichochoro vyake vyembamba, kila mtu anamjua mwenziwe. Mtu akiomba kuhamishiwa Malindi ili asionekane na jamaa zake, mwandikieni barua ya uhamisho siku ile ile, mhakikishe anaondoka na dawa mkononi, na sababu msimuulize mara ya pili.