Kila wakala anafaulu peke yake, wakikutana programu inaharibika

SWALI: Natengeneza programu ya kupanga miadi ya wagonjwa. Nawatumia mawakala watano wa akili unde kwa wakati mmoja: usajili, kalenda, ujumbe wa kukumbusha, malipo na ripoti, kila mmoja na lake. Majaribio ya kila mmoja yanapita na Git (programu inayotunza matoleo ya msimbo) inaunganisha matawi yao, yaani nakala ya msimbo ya kila mmoja, bila kulalamika. Lakini kazi zikishaunganishwa, ujumbe wa kukumbusha unapishana na miadi kwa idadi ileile ya saa kila mara. Je, niongeze wakala wa sita awasimamie wenzake?

JIBU: Usimwongeze, ndugu yangu. Kwa sasa wapunguze wabaki wawili.

Git hulinganisha mistari ya maandishi. Maana yake haiijui. Mawakala wasipogusa mistari ileile, kwake hakuna mgongano. Hiyo tofauti isiyobadilika inanifanya nishuku kwamba wakala wa kalenda anahifadhi saa kwa UTC, yaani saa ya rejea ya dunia nzima, na wa ujumbe anazisoma kana kwamba ni saa za mahali mgonjwa alipo. Faili ni tofauti, majaribio ni tofauti, na kila mmoja amefaulu kwa imani yake mwenyewe.

Uamuzi wa namna hiyo ulipaswa kutoka kwako, tena kwa maandishi, kabla hawajaanza. Wakala anajua yaliyomo kwenye maelekezo uliyompa na faili alizosoma, basi. Alichoamua mwenzake dakika kumi zilizopita hakimfikii. Kwa hiyo andika mwenyewe yale yanayowahusu wote: saa inahifadhiwaje, majedwali ya hifadhidata yana safu gani, kila API (mlango ambao sehemu moja ya programu huiuliza nyingine) inajibu nini, kosa linaripotiwaje. Yaingize kwenye tawi kuu, ndipo ugawe kazi. Kazi mbili zikihitaji faili moja, zifuatane. Na mabadiliko ya muundo wa hifadhidata mpe wakala mmoja tu.

Hukusema kama wote wanafanya kazi ndani ya folda moja. Kama ndivyo, acha leo hii. Tangu toleo la 2.5 la mwaka 2015, Git ina amri ya `git worktree`, inayompa kila mmoja folda na tawi lake huku historia ikibaki moja. Ila amri hiyo haitenganishi poti (namba ambayo programu inayoendeshwa hupokelea mawasiliano) wala hifadhidata, na hapa wengi hunaswa. Majaribio ya wakala mmoja yanafuta jedwali ambalo mwingine analisoma. Huyo wa pili anaona yake yameanguka, anaanza "kurekebisha" msimbo ambao haukuwa na kosa lolote. Ukija kusoma, unakuta mabadiliko yasiyo na sababu. Kila folda iwe na poti yake na hifadhidata yake ya majaribio.

Kuhusu huyo wa sita: mwaka 1975 Fred Brooks, mtaalamu wa kompyuta aliyesimamia miradi mikubwa ya programu, aliandika kwamba kuongeza watu kwenye mradi uliochelewa huuchelewesha zaidi, na hesabu yake inawahusu mawakala pia. Watano wana jozi 10 za kuelewana. Sita wana 15. Msimamizi anaweza kugawa kazi vizuri, lakini jambo ambalo wewe hujaliamua atalikisia kama wenzake walivyolikisia. Kipimo changu cha idadi ni kusoma: wawe wengi kadiri unavyoweza kusoma kazi yao yote, mstari kwa mstari, siku hiyohiyo. Hizi ni miadi za wagonjwa, na mtu akikosa dawa kwa sababu ya ujumbe uliochelewa, hakuna wakala atakayewajibika.

Kwa matawi matano uliyonayo, anza na tawi la kalenda. Liunganishe peke yake, endesha majaribio yote ya mradi, kisha lete tawi kuu jipya ndani ya tawi la ujumbe na uongeze jaribio moja linalopita sehemu zote mbili: miadi iwekwe, ujumbe utoke, saa zilingane. Likipita, fuata usajili, kisha malipo. Ripoti zinasoma majedwali ya wote, kwa hiyo tawi hilo ningelifuta na kuiandika upya kazi hiyo baada ya mengine kutulia.