Makombe wa Ziwa Victoria Hutembeaje?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi Igombe, wilayani Ilemela. Asubuhi, ziwa linapokuwa limetulia, huona mifereji myembamba inayopindapinda kwenye mchanga wa chini, mahali ambapo maji hayavuki magoti, na mwisho wa kila mfereji yupo kombe aliyezama nusu. Wenzangu husema kwamba anasukumwa na mawimbi. Mimi sikubali, kwa kuwa mawimbi hutoka upande mmoja ilhali mifereji huelekea kila upande. Je, kiumbe huyu hutembeaje, na anakula nini humo mchangani?
Msomaji wa Igombe, Mwanza

JIBU: Hoja yako ina nguvu, na ndiyo sahihi. Mifereji hiyo huchorwa na kombe mwenyewe, maana anao mguu, tena mmoja tu: ulimi wa nyama laini usio na mfupa, ambao huutoa katikati ya magamba yake mawili na kuuchomeka mchangani. Damu inaposukumwa kuingia ndani ya mguu huo, ncha yake huvimba, ikashika mchanga kama nanga. Hapo misuli inayounganisha mguu na magamba hujikunja, na kwa kuwa ncha imeshika, kinachosogea ni mwili mzima pamoja na gamba lake.

Kabla ya kujivuta, kombe huyafumba magamba ghafla kwa misuli miwili yenye nguvu. Kitendo hicho hufanya kazi mbili kwa pamoja: huiongezea damu ya mguuni shinikizo, na huyafyatua nje yale maji yaliyokuwa ndani ya magamba, yakaulegeza mchanga ili upitike. Kisha misuli hulegea, na magamba hufunguka yenyewe kwa sababu ya ukano unaonyumbuka ulioko mgongoni, pale yanapoungana. Ndiyo maana kombe aliyekufa hukutwa amefunguka. Kila mzunguko humsogeza kidogo sana, lakini akiurudia kwa subira huacha mfereji kama uliouona.

Kuhusu chakula, mtazame kwa makini ile sehemu inayobaki juu ya mchanga, nawe utaona nafasi mbili ndogo zenye kingo laini. Ya chini huvuta maji na ya juu huyatoa. Ukidondosha tope kidogo karibu na nafasi ya chini, utaliona likivutwa ndani, isipokuwa kombe ashtuke na kujifunga. Ndani yake hakuna kichwa, macho wala meno. Yapo mashavu mapana ya kupumulia, kama yale ya samaki, yenye vinywele visivyoonekana kwa macho, ambavyo havikomi kuyaendesha maji. Mashavu hayo hufyonza hewa, na papo hapo hunasa mwani na chembechembe nyingine ndogo kwa ute, zikapelekwa mdomoni. Maji yatokayo huwa safi kuliko yaliyoingia, nayo ni huduma kubwa katika ziwa linalopokea maji ya mito kama Mirongo, unaopita katikati ya mji wa Mwanza.

Hata hivyo, safari kubwa ya kombe si hiyo ya mchangani. Katika jamii kadhaa za ziwa letu, mama hulea mayai ndani ya mashavu yake, kisha huwaachia majini watoto wadogo mno wanaopaswa kumpata samaki wa kujishikiza, la sivyo hufa. Wale wa jamii ya Coelatura hunasa kwenye mashavu au mapezi ya samaki. Wale wa jamii ya Mutela hujipachika mwilini mwake na kunyonya lishe kutoka kwake hadi wakomae, ndipo wadondoke na kuanza maisha ya mchangani. Kwa njia hiyo kombe, ambaye kwa mguu wake hafiki mbali, huweza kuzaliwa katika ghuba moja na kukulia katika nyingine. Naomba wavuvi wetu walizingatie jambo hili: mahali ambapo samaki wameisha, makombe hao nao hukosa wa kuwabeba watoto wao, hata kama mchanga ni mzuri na maji ni safi. Jamii ya Corbicula, yenye magamba manene ya mviringo, haimhitaji samaki.

SWALI: Je, makombe huambukiza kichocho? Watoto wetu huyaokota magamba yao ili yasagwe kwa chakula cha kuku.
Msomaji wa Ukerewe

JIBU: Hapana. Vimelea vya kichocho hukulia ndani ya konokono wa majini wenye gamba moja lililozunguka, wala si ndani ya kombe. Lakini konokono hao huishi katika maji yaleyale ya kando, hasa penye majani, na vimelea hupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini. Watoto waokote magamba yaliyotupwa nchi kavu na mawimbi, wasiingie majini kuyatafuta. Na yeyote anayekusudia kula nyama ya kombe aipike hadi iive kabisa, na asichukue wa karibu na mifereji ya majitaka, kwa kuwa mnyama anayechuja maji hukusanya mwilini uchafu uliomo.