Gemu za zamani bado zinachezeka?

Umeuliza kama gemu za miaka ya 80 na 90 bado zinachezeka leo. Za 2D, nyingi zimebaki imara. Zilizochakaa zaidi ni za 3D za mwanzo. Kwenye Super Mario Bros. (1985) ukibonyeza kitufe Mario anaruka papo hapo, na utamu huo hauzeeki. Super Mario 64 (1996) bado ni raha kukimbia na kuruka, ila kamera yake hukwama ukutani na kukukosesha hatua. GoldenEye 007 (1997), gemu ya kufyatua risasi, ni ngumu zaidi kuizoea: kidhibiti kina fimbo moja tu, na picha hukatakata milipuko ikizidi.

Lakini kabla hujailaumu gemu, kagua runinga! Runinga bapa huchakata picha kwanza, hivyo unaruka ukiwa umeshachelewa. Washa hali ya gemu (Game Mode) kwenye mipangilio ya picha, na weka uwiano wa upana na kimo wa 4:3, maana 16:9 ya runinga pana humnenepesha kila mhusika. Tafuta pia toleo la hezi 60, yaani picha huonyeshwa upya mara 60 kwa sekunde. Matoleo mengi ya Ulaya ya hezi 50 huenda polepole kwa karibu asilimia 17. Sonic the Hedgehog (1991) ndiyo inayoumia waziwazi, hadi muziki unaburuzika.

Ukitumia kaseti halisi ya The Legend of Zelda ya NES (mashine ya zamani ya gemu ya Nintendo), ndani mna betri ya CR2032 iliyolehemewa. Ikiisha, ulichohifadhi kinafutika.