Maswali ya Wasomaji: Tufungashe Nini Tukienda Kuwaona Dubu Weupe?

SWALI: Mhariri, kijana wetu anasoma Winnipeg, nchini Kanada, na mwaka huu ametualika mimi na baba yake tukamtembelee. Ametukatia tiketi za treni ya kwenda Churchill katika juma la pili la mwezi wa Novemba, tukawaone dubu weupe, na kurudi tutarudi kwa ndege. Mimi ni mtu wa Tanga, na baridi kali kuliko zote nilizowahi kukutana nazo ni ile ya Lushoto mwezi wa Julai. Nina sweta tatu nene za pamba, mume wangu ana koti alilopandia Kilimanjaro miaka mingi iliyopita, na fundi wangu amesema anaweza kunishonea baibui la kitambaa kizito. Kila mmoja wetu ameruhusiwa sanduku moja la kilo 23. Tubebe nini na tuache nini? – Mama Watatu, Tanga

JIBU: Shikamoo, Mama Watatu. Nianze na zile sweta tatu, kwa kuwa ndizo zitakazokula nafasi kubwa ya sanduku bila kukupa faida. Pamba hunywa maji na huchelewa kukauka. Ukitoka jasho kidogo tu, hata la kupandisha mzigo kwenye behewa, jasho hilo hubaki katika nguo iliyogusa mwili, na ukisimama nje dakika chache baadaye utajiona umevaa kitambaa kibichi. Waachie wajukuu au mpelekee shangazi wa Lushoto. Kwa sababu hiyo hiyo, suruali za jinzi za Baba nazo zibaki nyumbani.

Churchill ni mji mdogo wa wakazi wasiofika 1,000, kaskazini mwa jimbo la Manitoba, kwenye ufuko wa Ghuba ya Hudson. Hakuna barabara ya gari inayoufikia. Watu huenda kwa treni au kwa ndege. Dubu hukusanyika karibu na mji huo mwezi wa Oktoba na Novemba wakisubiri ghuba igande, maana mawindo yao ni sili, wanyama wa baharini wenye mapezi, na sili huwindwa juu ya barafu. Katika juma mlilopangiwa, mchana ni wa saa nane hivi tu: jua huchomoza karibu saa mbili asubuhi na huzama karibu saa kumi alasiri. Baridi ya nyuzi 10 chini ya sifuri ni ya kawaida, na ya nyuzi 20 si ajabu. Lakini nambari hiyo peke yake haitoshi, kwa kuwa pwani ile ina upepo. Nyuzi 10 chini ya sifuri pamoja na upepo wa kilomita 30 kwa saa huusibu mwili kama nyuzi 20 chini ya sifuri; zikiwa nyuzi 20, upepo huo huo huzifanya kama 33, na hapo ngozi iliyoachwa wazi inaweza kuganda ndani ya nusu saa au chini yake.

Sasa koti la Kilimanjaro. Wasomaji wengi wa Moshi na Arusha hutuuliza kama vifaa vya mlimani vinatosha kwa nchi za kaskazini, na jibu langu ni kwamba vinatosha kwa mtu anayetembea. Anayepanda kuelekea kilele cha Uhuru usiku wa mwisho hukutana na baridi kali kweli, lakini yuko katika mwendo kwa saa nyingi, na mwili unaofanya kazi hujitengenezea joto lake. Ninyi mtakuwa watazamaji. Magari ya kuwaonea dubu ni makubwa, yenye matairi mapana, na ndani yana joto. Nyuma yana baraza ya wazi ambako abiria husimama kimya kumtazama mnyama aliyelala pembezoni mwa vichaka, wakati mwingine kwa nusu saa nzima bila kuinua mguu. Baridi ya mtu aliyesimama ni baridi nyingine kabisa. Basi koti la Baba lichukuliwe, ila alivae kama vazi la katikati, si la juu, na kama halimbani akiinua mikono litamfaa sana.

Mavazi yapangwe kwa tabaka tatu. La kwanza, linalogusa mwili, liwe la sufu nyembamba au la kitambaa cha poliesta cha michezo, shati la mikono mirefu na suruali ya kubana, seti mbili kwa kila mtu, mfue moja na kuvaa nyingine. La pili ni la kutunza joto: sweta ya sufu, flisi (kile kitambaa laini chenye manyoya mafupi), au hilo koti la mlimani. La tatu ni la kuzuia upepo na theluji, yaani koti refu lenye kofia inayofika mbele ya uso, pamoja na suruali ya nje. Tabaka mbili za kwanza mnaweza kuzipata kwa bei nafuu katika mitumba, mkiwa na subira ya kupekua na kusoma vitambulisho vya ndani ya nguo. Tabaka la tatu na buti msivinunue huku. Ni vizito, vitamaliza kilo zenu, na huku havipatikani kwa kiwango kinachohitajika. Winnipeg yenyewe ni mji wa baridi kali, na maduka yake ya nguo zilizotumika huuza makoti na buti za kutegemewa. Pia waandaaji wengi wa safari za Churchill huazimisha au hukodisha makoti na buti, kwa hiyo mwambieni kijana awaulize kabla hamjatumia hata senti. Nasema hivi nikijua kwamba mtapenda kufika mkiwa mmekwisha kujitayarisha, lakini katika jambo hili mwenyeji ana uwezo kuliko mgeni.

Buti zizidi saizi yako ya kawaida kwa namba moja, ili soksi ya sufu ipate nafasi na vidole viweze kuchezacheza. Kiatu kinachobana huzuia damu, na mguu uliokosa damu huganda hata ukivalishwa soksi nne. Kwa mikono, chukueni glavu nyembamba za ndani na juu yake zile pana ambazo vidole vinne hukaa chumba kimoja, kwa sababu vidole vilivyokaa pamoja hupashana joto. Kuna pia vifuko vidogo vinavyoanza kutoa joto vikifunguliwa na kukutana na hewa, ambavyo huwekwa ndani ya glavu. Mvinunue huko huko.

Kuhusu baibui, mwambie fundi asishone. Pindo linaloburuta kwenye theluji hulowa, likiganda huwa gumu kama ubao, na usipoangalia litakunasa kwenye ngazi ya gari. Ila lipo jambo ambalo wauza nguo hawatakuambia: ndani ya treni, hoteli na magari kuna joto la kutosha, kila mtu huvua koti mara aingiapo, na kinachobaki mwilini ndicho kinachoonekana. Kwa hiyo tabaka lako la katikati lenyewe liwe vazi la heshima, mathalani kanzu fupi ya sufu inayofika magotini juu ya suruali pana, nawe utavua koti mbele za watu bila wasiwasi. Baibui moja jepesi la kawaida libaki sandukuni kwa ajili ya kukaa ndani. Mtandio uwe wa sufu au wa kitambaa kinachonyumbulika, uzungushwe shingoni na kuingizwa ndani ya koti, usifungwe kwa pini nyingi za chuma, maana chuma kwenye baridi ile huuma ngozi. Vipuli na hereni vikubwa vivuliwe kwa sababu hiyo hiyo. Ukitawadha, kausha nyayo mpaka kati ya vidole kabla ya kuvaa soksi na kutoka nje.

Treni inasafiri kilomita 1,700 hivi kwa siku mbili au zaidi, na sehemu ya kaskazini huenda polepole kwa kuwa reli imepita juu ya ardhi ya tope na barafu isiyotulia. Begi la mkononi liwe na ndala za kuvaa ndani, leso mbili, dawa zote za Baba zikiwa katika pakiti zake pamoja na maelezo ya daktari, na vitafunwa. Katika begi hilo hilo muweke pia sweta, kofia na glavu tangu mnapoondoka Dar es Salaam, ili sanduku likichelewa njiani msitoke uwanja wa ndege wa Winnipeg na viatu vya wazi.

Hewa ya huko ni kavu. Mafuta mazito ya kujipaka, kopo moja, na ya midomo, vitakufaa kuliko losheni nyepesi yenye maji mengi. Nakuomba usome sehemu hii mara mbili: vitabu vingi husema dalili ya kwanza ya ngozi kupatwa na baridi ni kuwa nyekundu, lakini kwenye ngozi zetu nyeusi wekundu huo hauonekani vizuri. Angalieni badala yake ganzi, na mahali palipopauka, pakawa na rangi ya kijivu na kung'aa kama nta, hasa ncha ya pua, masikio na mashavu. Kila baada ya muda mtazamane usoni. Ikitokea, ingieni ndani, pashaneni joto kwa viganja au makwapa, na msisugue wala msipake theluji. Ikiwa ganzi haiondoki, tafuteni daktari.

Zawadi za kijana: iliki, mdalasini, karafuu na majani ya chai ni vyepesi na kwa kawaida havina tatizo, mradi mvitaje kwa maofisa wa forodha, kwa kuwa Kanada humtaka msafiri ataje kila chakula alichobeba. Nyama, samaki na matunda mabichi viacheni. Na mkifika Churchill msitembee na vyakula vyenye harufu mifukoni, wala msitoke nje ya mji kwa miguu bila mwenyeji. Wakazi wenyewe wana desturi ya kutofunga milango ya magari, ili mtu akikutana na dubu barabarani apate pa kujitupa.

SWALI: Mimi ni fundi mitambo wa Nairobi na mwezi wa Februari nitakuwa Yellowknife, kaskazini mwa Kanada, kwa mafunzo ya wiki mbili. Nguo nimeambiwa nitapewa. Nataka kujua habari za simu, kamera na chaja. – Fundi, Nairobi

JIBU: Ndugu Fundi, Februari huko usiku wa nyuzi 30 chini ya sifuri ni wa kawaida, na betri ya simu inaweza kuzima ikionyesha bado ina nusu. Haijafa, baridi imeidhoofisha tu, na itarudi ikipata joto. Iweke mfuko wa ndani, karibu na kifua, na usiichaji kabla ubaridi haujaitoka. Betri ya akiba ya kamera ikae huko huko, na ile ya kuchajia simu ibebwe mkononi ndani ya ndege, si katika sanduku. Unaporudi ndani kutoka kupiga picha za mianga ya kaskazini, ile mianga ya rangi inayoonekana angani usiku, itie kamera katika mfuko wa plastiki na kuufunga vizuri ukiwa bado nje, kisha iache humo saa moja au mbili. Vinginevyo mvuke wa nyumbani utatua juu ya lenzi, hata ndani yake, kama jasho kwenye chupa ya soda. Kuhusu umeme, Kanada hutumia volti 120 na soketi za pini bapa mbili, nyingine zikiwa na tundu la tatu la pini ya duara, kwa hiyo kigeuzi cha plagi ni lazima. Soma maandishi ya kwenye chaja: ikiwa imeandikwa 100 hadi 240, iko salama. Pasi na birika za volti 240 ziache Nairobi, kwani hata zikiwaka hazitapata moto wa maana. Na ukiona waya wa umeme umening'inia mbele ya gari, ni wa kupashia injini joto usiku; uchomoe kabla hujaondoa gari.